MARUDI NA KURUDI: Utakaso na Urejesho katika Manabii wa Kiebrania

Katika semina ya wazee wa kanisa na wainjilisti iliyofanyika Malolo, katika nchi ya Nachingwea na Ruangwa, tulisoma pamoja Malaki 3:1-5. Tulikuwa tumejiandaa kueleza habari za mjumbe atanguliaye njia, lakini mzee mmoja, ambaye katika ujana wake aliwahi kuhangaika na machimbo ya dhahabu, alituzuia kwenye mstari wa tatu. "Mchungaji," alisema, "huyu msafishaji wa nabii amekaa. Mbona amekaa? Sisi tukichoma dhahabu, mwenye akili husimama mbali, upande unakotoka upepo."

Wenzake walicheka, maana wengi wao wanayajua mambo hayo. Mchimbaji mdogo husaga mawe, huosha unga wake, huuchanganya na zebaki ili zebaki izishike chembe za dhahabu, huukamua mchanganyiko huo kwa kitambaa, kisha hulichoma donge linalobaki. Zebaki hupaa ikawa moshi, na moshi ule ni sumu. Ndiyo maana mzee yule alishangaa kumwona mtu amekaa mbele ya kazi ya namna hiyo.

Siku ile hatukuwa na jibu la kutosha. Tulisema maneno machache juu ya uvumilivu wa Mungu, tukaendelea na mstari wa nne. Makala haya ni jaribio la kumjibu mzee yule, ijapokuwa kwa kuchelewa. Na katika kutafuta jibu tumejikuta tukilazimika kulizungumza jambo ambalo katika sharika zetu huzungumzwa kwa sauti ya chini, yaani marudi ya kanisa.

Fundi aliyekaa

Fedha ya Yerusalemu haikusafishwa kama dhahabu ya wachimbaji wetu. Katika nchi za Biblia fedha ilipatikana kwa sehemu kubwa ndani ya madini ya risasi, tena kwa kiasi kidogo sana. Fundi aliyaweka madini hayo katika kalibu yenye vinyweleo, iliyotengenezwa kwa udongo au kwa majivu ya mifupa, akavukuta moto kwa mifuo. Risasi huyeyuka upesi, kwenye nyuzi 327 hivi; fedha haiyeyuki mpaka nyuzi 962. Risasi iliyoyeyuka, ikipulizwa hewa katika joto kali, hugeuka ikawa kama kutu ya majimaji, nayo huzichukua taka za shaba na madini mengine na kunywewa na kalibu. Fedha haigeuki. Inabaki. Mwishoni kabisa utando wa mwisho wa taka hukatika, na uso wa fedha hung'aa kwa ghafula.

Msomaji ataona mara moja kwa nini fundi hawezi kuondoka. Akiitoa fedha mapema, risasi ingali imo ndani. Akiuacha moto bila mwangalizi, ukapoa katikati ya kazi au mifuo ikanyamaza, taka huganda pamoja na fedha na kazi yote ni ya kuanza upya. Kwa hiyo amekaa. Kitenzi cha Kiebrania katika Malaki 3:3 ni yashav, ambacho ni kuketi kama aketivyo mwamuzi, na pia ni kukaa kwa maana ya kuishi mahali. Mzee wa Malolo alikuwa ameliona neno ambalo sisi, pamoja na vitabu vyetu, tulikuwa tumelipita.

(Wahubiri wengi husimulia kwamba fundi hutambua fedha imekwisha kusafika aonapo uso wake mwenyewe ndani yake. Ni simulizi la kupendeza, nasi tumelisikia katika mimbari nyingi, lakini Malaki halisemi. Tusilijengee fundisho.)

Hata hivyo si kila moto wa manabii husafisha. Yeremia 6:27-30 yaeleza kazi hiyo hiyo ya fundi ikiwa imeshindikana: mifuo imevukuta kwa nguvu, risasi imekwisha kuteketea, na waovu bado hawajatengwa, wanaitwa fedha iliyokataliwa. Ezekieli 22:17-22 ni kali zaidi. Pale nyumba ya Israeli imekuwa taka, inakusanywa katikati ya Yerusalemu kama tanuru, inavukutiwa moto na kuyeyushwa. Tukisoma sehemu ile mpaka mwisho hatuoni fedha safi ikitoka. Nabii anajua kwamba kuna moto wa hukumu usio wa utakaso, na anayefundisha kwamba kila mateso yampatayo mtu ni Mungu anamsafisha hana budi kwanza kuisoma sura hiyo.

Tohara, magadi, na mkono urudio

Katika Malaki 3:3 yamesimama pamoja maneno mawili ya utakaso. La kwanza, latoka katika kitenzi tsaraf, ni la fundi wa madini. La pili ni taher. Hilo la pili si geni kwetu kama tudhanivyo, kwa kuwa mzizi wake wa Kiebrania ni ndugu wa mzizi wa Kiarabu uliotupatia neno letu tohara. Jirani zetu Waislamu, ambao katika sehemu za Lindi ndio walio wengi, hulitumia neno hilo kwa usafi upasao kabla ya swala. Lakini katika mazungumzo ya kila siku tohara ni jando.

Tulipolieleza jambo hili Malolo, wazee hawakuhitaji ufafanuzi mrefu. Wavulana huondolewa nyumbani, hutengwa porini, huumizwa, hufundishwa, kisha huoshwa, huvikwa nguo mpya na kurudishwa kwa shangwe, mara nyingi na majina mapya. Vincent Lucas wa misheni ya UMCA, ambaye tangu 1926 alikuwa askofu wa kwanza wa Masasi, alijulikana sana kwa jitihada zake za kulifanya jando liwe la Kikristo badala ya kulipiga marufuku. Wapo waliomsifu na wapo waliomlaumu, na mjadala huo hatuuingii hapa. Twalichukua jambo moja tu: hakuna jando lisilo na siku ya kutoka. Mzazi hakubali mwanawe aingie kambini kama hakuna ajuaye atatoka lini na nani atampokea.

Neno la tatu la Malaki ni la mfua nguo, na sabuni yake, borit, ilitokana na majivu ya mimea. Yeremia 2:22 yaitaja borit hiyo pamoja na neter, yaani magadi. (Kutokana na neno hilo la kale lugha za Ulaya zilipata jina natron, ambalo leo ni jina la ziwa letu la magadi lililo kaskazini mwa nchi.) Hoja ya Yeremia yakata tamaa: hata ukijiosha kwa magadi na kuongeza sabuni, doa la uovu wako linabaki mbele za Mungu. Hapo ndipo tunapoona tofauti kati ya mtu anayejifua na mtu anayefuliwa. Manabii husema kwa ujasiri juu ya la pili, na kwa mashaka makubwa juu ya la kwanza.

Lakini mahali ambapo jambo lenyewe limefungwa kama fundo ni Isaya 1:21-26. Mji uliokuwa mwaminifu umekuwa kahaba. Fedha yake imekuwa taka. Taka hizo ni nini? Nabii azitaja: wakuu wanaopenda rushwa, yatima asiyehukumiwa haki yake, mjane ambaye daawa yake haifiki barazani. Si habari za vyakula vilivyokatazwa wala za kugusa maiti. Kisha, katika mstari wa 25, Mungu asema kwamba ataurudisha mkono wake juu ya mji huo na kuziyeyusha taka zake. Na katika mstari wa 26 asema kwamba atawarudisha waamuzi wake wawe kama hapo mwanzo. Katika Kiebrania ni neno lile lile katika mistari yote miwili: ashivah, "nitarudisha". Mkono unaorudi kuadhibu na waamuzi wanaorudishwa mahali pao wanabebwa na kitenzi kimoja. Msikilizaji wa kwanza hakuweza kulisikia la kwanza bila kulikumbuka aliposikia la pili.

Lugha yetu inalichukua fundo hili kwa urahisi wa ajabu. Kurudi ni kuja tena ulikotoka. Kumrudi mtoto ni kumwadhibu ili atengenezeke. Na kutokana na kitenzi hicho kimoja kanisa letu limepata jina la nidhamu yake: marudi. Yeremia 31:18, ambapo Efraimu anaomboleza, ana vitenzi viwili tofauti, yasar cha kuadhibu na shuv cha kurudi, kila kimoja kimetumika mara mbili. Mfasiri wa Kiswahili angeweza kuvitafsiri vyote kwa kitenzi kimoja na asikosee. Tunasema hivi tukijua kwamba maana ya neno haithibitishi fundisho. Lakini ni aibu kama lugha yetu inakijua kitu ambacho taratibu zetu zimekisahau.

Nani huona haya, na lini

Swali ambalo wanafunzi wetu huuliza kila mwaka ni hili: je, mtu husafishwa kwa sababu ametubu, au hutubu kwa sababu amesafishwa? Wasome Ezekieli 36 polepole, mstari kwa mstari, wakiuangalia utaratibu. Kwanza watu wanakusanywa kutoka katika mataifa na kurudishwa katika nchi yao (24). Ndipo wananyunyiziwa maji safi (25). Ndipo wanapewa moyo wa nyama mahali pa moyo wa jiwe (26), na roho iwawezeshayo kuzifuata amri (27). Wanakaa katika nchi, chakula kinaongezeka, njaa inaondolewa. Na ni katika mstari wa 31, wamekwisha kurudi nyumbani na kushiba, ndipo wanapokumbuka njia zao mbaya na kujichukia. Haya yao yaja mwisho. Tena Mungu ametangaza mara mbili, mwanzoni na mwishoni (22, 32), kwamba hakutenda hayo kwa ajili yao.

Zekaria 3 yaonyesha jambo hilo hilo kwa picha. Tuko katika miaka ya kujengwa tena hekalu, lililokamilika mwaka 515 kabla ya Kristo. Kuhani mkuu Yoshua amesimama amevaa mavazi machafu, na neno lililotumika kwa uchafu huo ni la kinyaa, lahusiana na kinyesi. Mshitaki amesimama mkono wake wa kuume. Yoshua hasemi neno hata moja katika sura nzima. Wengine wanaamriwa kumvua mavazi yale, wengine wanamvika kilemba safi, na ni baada ya kuvikwa ndipo anapoambiwa aenende katika njia za Bwana. Hatusemi kwamba manabii hawaiti watu watubu. Kila mtu aliyemsoma Hosea au Yoeli ajua kwamba wanaita. Tunasema kwamba mwaliko wao wasimama juu ya kazi ambayo Mungu ameianza mwenyewe. Luther, katika mabishano ya Heidelberg mwaka 1518, aliutumia mstari wa Isaya 28:21 juu ya kazi ya Mungu iliyo ngeni, ile ya kushusha na kuua, ifanywayo ili aifikie kazi iliyo yake hasa, ya kuinua na kuhuisha. Kazi ngeni ikikatwa na kubaki peke yake, si kazi ya Mungu tena.

Nachingwea, Mei 1975

Nchi hii ambamo Malolo imo imewahi kushuhudia toba isiyokuwa na urejesho, na twaona inatupasa kuikumbuka hapa, kwa kuwa aliyetubu alikuwa mchungaji.

Nachingwea ilikuwa kambi kuu ya mafunzo ya wapiganaji wa FRELIMO waliopigania uhuru wa Msumbiji. Kati ya waasisi wa chama hicho alikuwamo Uria Simango, mchungaji wa Kiprotestanti, aliyekuwa makamu wa rais wake tangu 1962. Baada ya Eduardo Mondlane kuuawa Dar es Salaam tarehe 3 Februari 1969, Simango aliingia katika uongozi wa watu watatu pamoja na Samora Machel na Marcelino dos Santos. Mwaka huo huo aliandika waraka wa kuwalaumu wenzake, akaondolewa. Mwaka 1974 alijiunga na wapinzani, akakamatwa, akaletwa Nachingwea. Tarehe 12 Mei 1975, mbele ya umati wa wapiganaji, alisomeshwa ungamo la kurasa zipatazo ishirini, akijishitaki mwenyewe na kuomba aelimishwe upya.

Siku kumi na mbili baadaye, tarehe 24 Mei, Machel alianza safari yake ya ushindi kutoka Rovuma hadi Maputo, na tarehe 25 Juni Msumbiji ikawa huru. Waliokuwa uhamishoni walirudi nyumbani. Simango hakurudi. Hakufikishwa mbele ya mahakama yoyote. Aliuawa kwa siri pamoja na wenzake huko kaskazini mwa Msumbiji, na baadaye mkewe Celina naye akauawa. Wanawe walikuja kuwa viongozi wa siasa nchini mwao. Mmoja wao aitwa Lutero, ambalo ndilo jina Luther kwa Kireno.

Hatukusudii kuhukumu vita vya ukombozi, ambavyo wazee wa Nachingwea waliviunga mkono kwa mali na kwa hatari ya maisha yao. Wala hatusemi kwamba marudi ya usharika ni sawa na kifo cha mtu. Lakini yeyote aliyewahi kusimama mbele ya kusanyiko akisoma maneno ambayo hakuyaandika kwa hiari yake anaijua sehemu ya siku ile. Ungamo lilikuwa refu na kamili. Moto ulivukutwa kwa bidii. Hapakuwa na mtu aliyekaa kuingojea fedha.

Kisiki

Isaya 6:13 husomwa mara chache, labda kwa sababu Kiebrania chake ni kigumu. Sehemu ya kumi ikibaki katika nchi, nayo itateketezwa tena, kama mwaloni ukatwao na kubakiza kisiki. Na mbegu takatifu ndiyo kisiki chake. Mwanafunzi atokaye mjini huona hapa maangamizi matupu. Mkulima wa Ruangwa hataona hivyo. Yeye ameyaona miombo yaliyokatwa na kuchomwa yakitoa majani mekundu hata kabla mvua haijanyesha, kwa kuwa uhai uko katika mizizi.

Waingereza walilijua jambo hili kwa hasara. Mpango wa karanga ulioanza mwaka 1947, ambao Nachingwea ilikuwa moja ya sehemu zake tatu pamoja na Kongwa na Urambo, ulitumia mitambo mikubwa kung'oa msitu mpaka mizizi, na mizizi iliwashinda. Mpango ukaachwa mwaka 1951. Yeremia aliambiwa kung'oa na kubomoa, kweli, lakini katika pumzi hiyo hiyo aliambiwa kujenga na kupanda (Yer. 1:10). Mchungaji anapofyeka, na aangalie asifike kwenye mzizi, yaani Ubatizo wa mtu yule, ambao si mali ya baraza la wazee.

Daftari la marudi

Tulipokabidhiwa usharika mmoja miaka kadhaa iliyopita, tulipewa pamoja na funguo daftari la marudi. Lilikuwa limepigwa mistari vizuri: jina, kosa, tarehe ya kutengwa na Meza ya Bwana, tarehe ya kurudishwa kundini. Safu tatu za kwanza zilijaa. Ya nne ilikuwa karibu tupu. Wengi wa waliotajwa walikuwa wasichana waliopata mimba kabla ya ndoa. Wanaume wahusika hawakuandikwa, na mmoja, kama tulivyokuja kujua, aliendelea kuimba kwaya katika muda huo wote.

Hatuna haki ya kuwalaumu waliotutangulia, kwa sababu nasi tuliongeza majina. Mmoja wa wasichana tuliomwandika kwa mkono wetu tulikutana naye sokoni baada ya miaka miwili, amembeba mtoto ambaye hakuwa amebatizwa. Tulimwuliza kwa nini hakuja kuomba kurudi. Alitujibu kwa adabu, "Shikamoo, Baba Mchungaji. Nilidhani mtaniita." Sisi tulikuwa tukingoja aje, yeye alikuwa akingoja aitwe. Kwa miaka miwili kalibu ilikuwa juu ya moto na fundi amekwenda zake.

Tangu hapo tumefuata desturi ifuatayo, nasi twaitoa kwa ndugu waichunguze. Hakuna jina liingialo daftarini bila kuandikwa papo hapo tarehe ya mazungumzo ya kurudi na jina la mzee mmoja wa kanisa atakayemtembelea mtu huyo nyumbani kila juma mpaka siku hiyo. Mzee asipopatikana, marudi hayatolewi. Mtoto hazuiliwi Ubatizo kwa kosa la mzazi. Kurudishwa hufanyika kwa maneno machache ya ondoleo, na usharika husimama pamoja na anayerudi. Ndugu wengine wametuambia kwamba utaratibu huo ni mlegevu. Kwa kweli umekuwa mgumu zaidi, kwa kuwa wazee wengi wako tayari kupiga kura ya kumtenga mtu, na ni wachache walio tayari kumtembelea kila juma.

Limebaki jambo ambalo bado hatujui namna ya kulishughulikia. Malaki, baada ya kumketisha fundi wake, anawataja katika mstari wa tano watu watakaofikiwa na moto huo: wachawi, wazinzi, waapao kwa uongo, na wale wanaomwonea kibarua katika mshahara wake, pamoja na mjane na yatima na mgeni. Tunaishi katika nchi ya mashamba ya korosho na ufuta na ya mashimo ya dhahabu, ambako vibarua ni wengi na malipo huahirishwa kwa urahisi. Tulilipekua daftari lile tangu ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho, pamoja na kurasa tulizoziandika sisi wenyewe. Wazinzi walikuwamo, na wachawi wawili. Jina la mtu aliyetengwa kwa kumpunja kibarua ujira wake hatukuliona.